Kuulizwa Mara Moja

Ndau, 12 Agosti 1966

Kwa kaka yangu Wazir, nyapara wa barabara,

Assalamu aleikum. Nakuandikia nikiwa mzima, na Mama ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi analisema kama analisema jirani mbaya. Anakusalimu sana. Amenituma hivi: "Mwambie ndia ya kuya kwetu haiyahama." Nimeandika kama alivyotamka, kwamba njia ya kuja ipo pale pale.

Mwandiko huu ni wangu. Mwalimu Patroba, yule kijana wa bara aliyeletwa skuli yetu, amekuwa akisomesha watu wazima baada ya alasiri, nami sijakosa hata siku moja. Kwa hiyo ukiona makosa usimlaumu yeye.

Watu wa Mkokoni wangali hapa kwetu. Walihama kwa fujo za bara na hakuna aliyewaambia watarudi lini. Kisima ni kile kile kimoja, na wanaoteka wamekuwa mara mbili. Maji yamezidi chumvi, chai hainyweki ila kwa kukunja uso.

Sasa nikwambie jambo lenyewe. Wiki iliyopita alikuja Bi Nerea, afisa wa maendeleo kutoka Lamu, mwanamke wa bara, mrefu, mwenye daftari. Akatukusanya wanawake darasani. Akasema serikali inataka mtu mmoja wa visiwani aende kozi ya uongozi miezi miwili, halafu arudi aongoze kamati ya kwao. Na kisiwa chenye mtu aliyesoma kozi hiyo ndicho kitakachopewa simiti kwanza, kijenge jabia la kukinga maji ya mvua. Patroba akaninyooshea kidole. "Huyu Bi Mwanamkisi ndiye anayesoma kuliko wote."

Bi Nerea akaniuliza, "Utakwenda?"

Nikasema, "Mimi nani, Bi? Wapo wanaojua zaidi yangu."

Akasema, "Haya, asante," akaandika. Nikangoja aniulize tena. Kaka, nilikuwa nimeshapanga nitakalosema mara ya pili, na ya tatu pia, ndipo nikubali. Yeye akafunga daftari. Boti yake ilikuwa inamngoja, maji yasije yakapwa.

Sasa nasikia nafasi anapewa Bi Umulkheir wa Langoni. Mji wa Lamu tena. Katika kozi hizi hajapata kwenda Mbajuni wa visiwani kwetu hata mmoja.

Nakuomba uandike barua ofisini kwao. Wewe ni nyapara, una watu chini yako, neno lako litasikiwa. Nafasi haifungwi hadi mwisho wa mwaka.

Nduguyo,
Mwanamkisi


Kambi ya Maungu, 29 Septemba 1966

Mwanamkisi ndugu yangu,

Wa aleikum salaam. Barua yako imenifikia jana ikiwa imekunjwa mara nne. Ilikwenda kambi ya zamani, na sisi tumeshahama. Kampuni ikimaliza maili zake inang'oa mahema, na karani haandikii posta hadi akumbuke. Kwa hiyo usihesabu siku zangu za kukawia kama hesabu ya moyo wangu.

Mimi ni mzima. Mgongo si mzima, lakini mgongo wa nani huku ni mzima? Hapa ni nchi kavu, vumbi jekundu, miiba, na ndovu usiku wanavunja mapipa ya maji. Kumwaga lami kuna moto wake. Jua juu, lami chini, wewe katikati kama mkate wa mofa tanurini. Kuna wanaume sitini kambini na hakuna hata mmoja wa visiwani. Ijumaa naswali na dereva mmoja wa greda, Mdigo. Akiwa safarini naswali peke yangu. Kibajuni sijakisema na mtu tangu mwaka juzi. Wakati mwingine nakisemea sururu.

Mwambie Mama nimesikia neno lake. Goti alikande kwa mafuta ya simsim.

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Ni mzuri kuliko wangu. Mimi niliishia darasa la nne pale Lamu, na hata hilo la nne niliondoka kabla ya mtihani.

Kuhusu barua ya ofisini, sitaiandika. Usiniulize sababu. Barua kutoka kwa mtu wa barabara haitasaidia lolote. Nenda Lamu mwenyewe, ukamwambie huyo Bi Nerea kwa mdomo wako kwamba unataka.

Nduguyo,
Wazir


Ndau, 24 Oktoba 1966

Kaka Wazir,

Salamu za Mama na za nyumba nzima. Tumepata mvua ya siku moja, tukatoa masufuria yote nje mpaka na bakuli la kunawia. Binti wa mzee wa mji, Bwanamkuu, ameolewa. Mbuzi wetu mweusi amekufa.

Barua yako niliisoma mbele ya Mama na wanawake wawili wa jirani, kama tunavyosoma siku zote. Nilipofika mahali ulipokataa, nilijifanya nimekosa kuona vizuri nikaruka. Mama akasema, "Hakusema ataandika?" Nikasema utaandika. Kwa hiyo sasa nimesema uongo kwa ajili yako, na sijui kwa nini.

Nyapara mzima, una watu chini yako, huwezi kuandika karatasi moja? Ulipopewa unyapara tulisoma maulidi hapa. Bwanamkuu alisimama baada ya sala akasema Ndau imepata mkubwa huko nje. Watu bado wanakutaja. Mtoto mvivu akigombezwa husemwa, "Mtazame Wazir."

Na unaniambia niende nikaseme nataka. Kaka, umesahau ulikozaliwa? Hapa mtu haongozi hata sala kabla ya kuvutwa mkono. Unaombwa, unamtaja mwenzako. Unaombwa tena, unarudi nyuma. Mara ya tatu ndipo unapiga hatua, na hapo watu wanajua hukuutaka ukubwa, uliutwika kwa ajili yao. Mwanamke aende ofisini ajiombee? Watanitia jina la mpenda ukubwa hadi nizikwe nalo.

Kama hutaki kunisaidia, niambie ni kwa nini. Kama ni kwa sababu mimi ni mwanamke, niambie hivyo hivyo, nitanyamaza.

Mwanamkisi


Kambi ya Voi, 4 Desemba 1966

Ndugu yangu Mwanamkisi,

Salamu kwako na kwa Mama. Barua hii usiisome mbele ya mtu. Nenda nayo ufukweni au jikoni, popote pasipo masikio. Nikikuandikia hivi si kwamba nina hasira. Ni kwamba nimekaa na barua yako wiki tatu, na leo Jumapili hakuna kazi, na sina mahali pa kukimbilia.

Mimi si nyapara. Sijapata kuwa nyapara hata siku moja.

Mwaka wa hamsini na nane, tukiwa karibu na Mariakani, karani alininong'oneza kwamba kesho bwana wa kazi ataniita anipe genge, yaani kundi la vibarua niliongoze, kwa sababu najua kusoma namba za vigingi vya barabara. Nikafurahi kama mjinga. Nikawaandikia siku ile ile, barua ikatoka na gari la posta. Asubuhi bwana akaja, tumesimama mstari. Akasema, "Wazir, nyapara amekwenda kwao. Utashika genge?"

Nikasema, "Bwana, wapo wakubwa kuliko mimi."

Unajua kwa nini nilisema hivyo. Wewe ndiye mtu pekee ulimwenguni ninayeweza kumwandikia bila kueleza. Mimi pia nilikuwa na la pili na la tatu tayari mdomoni.

Bwana akatikisa kichwa, akamgeukia aliye kando yangu, Rufus, mtu wa bara. "Wewe?"

Rufus akasema, "Ndiyo bwana, hata leo." Na akashika genge siku hiyo. Hata kusoma namba hajui. Namba namsomea mimi mpaka leo.

Baadaye nikamuuliza, "Rufus, hukuona haya?" Akanicheka. "Haya ya nini? Mtu ameuliza, nimemjibu. Wewe ulimwambia hapana, ulitaka akeshe akikubembeleza?" Ni mtu mwema, Rufus. Tangu serikali yetu iingie ananiita Waziri wa Lami, na genge zima linasimama kunipigia saluti nikipita na karai la kokoto. Nacheka nao. Nikikasirika itakuwa kila siku.

Barua ya maulidi ikanifikia baada ya mwezi. Mlishaswali, mlishakula. Ningeandika nini? Nikanyamaza. Mwaka ukapita, ukaja wa pili, na kila barua inaanza "Kwa nyapara." Ndiyo maana sijarudi. Si likizo, si safari ndefu. Naogopa kushuka gatini watu wakitazama nyuma yangu kuona watu wangu.

Hii ndiyo sababu siwezi kuandikia ofisi. Na ndiyo sababu nakwambia nenda. Huyo Bi Nerea hakukudharau. Kwao mtu akikataa amekataa, wanamheshimu kwa kumwacha. Amekwenda zake akidhani amekufanyia adabu. Ukingoja akuulize tena utangoja kama mimi, miaka minane, na hakuna anayejua kwamba unangoja.

Nenda umwambie nataka. Najua ni kama kutoka nje bila nguo. Toka hivyo hivyo.

Wazir


Ndau, 9 Januari 1967

Kaka yangu,

Nianze na afya: sote wazima. Mama nitamtaja mbele. Leo sitakuwekea habari za mbuzi.

Nilikwenda Lamu na boti ya Jumatano. Nilikaa kwenye kibaraza cha ofisi nikipanga maneno mpaka tarishi akaniuliza kama naumwa. Nilipoingia, Bi Umulkheir wa Langoni alikuwamo anakunywa chai, na nilitaka kugeuka. Nikasema nimesimama, hata salamu sikumaliza: "Nataka kwenda kozi."

Bi Nerea akafungua daftari. "Lakini Bi Mwanamkisi, ulikataa. Nimeandika hapa."

"Uliniuliza mara moja."

"Nikuulize mara ngapi?"

"Tatu."

Akacheka. Halafu akaona sicheki, akaweka kalamu. Nikamweleza, kama nilivyokueleza wewe. Akafunua kurasa nyuma, moja moja. Akasema, "Nimezunguka visiwa hivi mwaka mzima. Faza wamekataa. Kizingitini wamekataa. Nimepeleka ripoti kwamba wanawake wa Kibajuni hawapendi uongozi." Akaufunika ukurasa kwa kiganja. "Nikiuliza mara tatu kila mahali, wilaya hii nitaimaliza lini?"

Bi Umulkheir ndiye aliyemjibu. "Utaimaliza utakapoimaliza, Bi. Mimi Ndau naiona kwa mbali nikienda harusi Faza. Wakiniuliza huko maji ya Ndau yana ladha gani nitasemaje? Mpe huyu, anayanywa." Mimi nilikuwa nimemchukia miezi mitano bila kumjua.

Lakini Bi Nerea alitaka karatasi ya wazee yenye vidole gumba vyao, wasije wakasema amewaibia mwanamke. Nikarudi nayo Ndau watie. Wazee wakaketi kwa Bwanamkuu, sisi wanawake nyuma ya pazia, Mama akiwa pamoja nami. Bwanamkuu akaishika karatasi kwa ncha za vidole. "Tangu lini mtu wa Ndau akajiombea ukubwa? Hata nduguyo, nyapara wa watu, hakujiombea. Alikaa kwa adabu yake akaombwa."

Wenzake wakaitikia. Ile karatasi ikaanza kurudi kwangu, mkono kwa mkono.

Kaka, nikasema. Nikasema wewe si nyapara. Nikasema ulikaa kwa adabu yako, ukaulizwa mara moja, na adabu hiyo ndiyo iliyokupa karai la kokoto miaka minane. Nikasema Faza wamekuwa Wazir na Kizingitini wamekuwa Wazir, na huko ofisini imeandikwa kwamba sisi hatupendi kuongoza. Nikawauliza wanataka Wazir wangapi.

Bwanamkuu akaomba wino. Akaweka kidole chake, na wengine wakafuata. Kisha akasema, "Huko ofisini waambie waje tena. Wapo wawili watatu wengine hapa."

Nilipewa siri yako nikaitoa mbele ya kisiwa kizima. Sikuwa na kitu kingine mkononi. Sikuombi uniambie nilifanya vyema.

Siku ya nne baada ya kikao Mama, akisuka ukili wa mkeka, akaniuliza, "Huko anakula nini?" Nikamwambia nitakuuliza.

Nduguyo,
Mwanamkisi


Ndau, 20 Februari 1967

Kaka Wazir,

Salamu. Sijapata jibu lako. Huenda kambi imehama. Nimemwandikia karani pia.

Kozi iko bara, na nitapita barabara yenu. Ni Jumatatu tarehe 6 Machi, basi linalotoka Mombasa saa moja asubuhi. Nitakaa dirisha la upande wa kulia. Mama atanipa sambusa za kukuletea.

Mwanamkisi


Chuo cha Maendeleo, 16 Aprili 1967

Kaka Wazir,

Natumai barua hii itakukuta salama. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia kwenye mifupa. Nalala na soksi mbili. Mama ananiandikia kwa mkono wa Patroba. Anaendelea vizuri, na kisima kimepunguza chumvi kidogo kwa hizi mvua.

Tarehe sita nilikaa dirishani kama nilivyokwambia. Baada ya Voi tulikuta kazi, basi likapunguza mwendo. Nikatoa mkono. Wanaume walikuwa wengi, weusi kwa lami, wamejifunga vitambaa usoni, na kila mmoja alikuwa wewe. Nilimwomba dereva asimame. Akasema, "Mama, hapa si stesheni." Sambusa nilimpa mwanamke aliyekaa na mimi.

Tuko wanawake ishirini na sita. Ni wema, lakini wanazungumza kwao kwao, Kemunto na wa kwao, Nyaguthii na wa kwao, na mimi sina wa kwetu. Wiki ya kwanza wakigawa chakula nilikataa kwa adabu nikalala na njaa. Sasa nakubali mara moja, na kila nikikubali naona haya upya. Ndipo nikakufikiria wewe, miaka yote hiyo, bila mtu wa kukwambia kwamba haya hiyo si ugonjwa.

Tunafundishwa kuendesha mkutano, kuweka kumbukumbu, kugawa kazi. Siku moja mwalimu akauliza, mkutanoni watu wakinyamaza maana yake nini? Wote wakasema wamekubali. Mimi nikasema huenda wanangoja waulizwe tena. Akaniita ubaoni nieleze. Nilieleza mpaka kengele ikalia. Kuna mwanamke mmoja kutoka mbali kaskazini, ambaye alikuwa hajasema neno tangu tufike. Tangu siku ile namuuliza mara tatu kila jambo, na ya tatu anajibu.

Jioni narudi kitandani sina wa kumweleza hayo ila wewe, usiyejibu.

Mwanamkisi


Kambi ya Mtito Andei, 11 Juni 1967

Ndugu yangu Mwanamkisi,

Salamu nyingi. Nadhani umesharudi Ndau, kwa hiyo nakuandikia huko. Mwambie Mama huku nakula ugali na maharage, na Jumamosi nyama ya mbuzi, samaki nimesahau. Mkono mmoja uliungua lami mwezi wa tatu, umepona, umebaki kovu tu.

Barua zako zote tatu zilinifikia, tena bila kuchelewa. Kambi haikuwa imehama. Mara hii usimlaumu karani.

Ile ya Januari niliisoma nikaitia mfukoni, nikafanya kazi nayo mpaka ikalowa jasho herufi zikaondoka. Nilikuwa na hasira na wewe. Nilijiambia, nilikuwa na kitu kimoja tu kule nyumbani, nacho ni jina, na Mwanamkisi amekitoa sadaka. Nilikaa na hasira hiyo kama mtu anavyokaa na mgeni, namlisha, namlaza.

Tarehe sita Machi tulikuwa maili tano juu ya Voi. Tangu alfajiri nilitazama kila basi. Lilipokuja lako nililijua kwa mkono dirishani. Nikaenda nyuma ya pipa la lami nikachutama. Si kwa hasira, hiyo ilikuwa imekwisha nilipoona mkono. Nilikuwa na lami mpaka kwenye nyusi, suruali imefungwa kwa kamba, na miaka kumi na moja hujaniona. Basi likapita. Rufus akaja akasimama juu yangu. "Waziri, umejificha polisi gani?" Nikamwambia, dada yangu yumo mle. Hakucheka. Alinichukulia karai siku nzima, nyapara mwenyewe, na mimi nikakaa chini.

Nimefikiri sana tangu hapo. Kusema kweli nimepunguziwa mzigo. Zamani nikiota nyumbani naota watu gatini wananitazama. Sasa wameshajua, hakuna wa kumdanganya, na usingizi umekuwa usingizi.

Patroba ameniandikia, sijui umemwambia wewe, kwamba simiti imefika Ndau, na kamati yako itaandikisha watu kumi na wawili wa kubeba mawe na kuchanganya zege. Mwanamkisi, kubeba mawe najua. Kuchanganya najua kuliko mtu yeyote wa visiwani. Sitaki kuwa msimamizi wa mtu. Nataka uniandike katika hao kumi na wawili, chini yako. Ukisema beba, nabeba.

Sijapata kumwomba mtu kazi maishani mwangu.

Wazir


Ndau, 5 Agosti 1967

Kaka yangu Wazir,

Mama anakusalimu, nami, na Patroba, na Bwanamkuu, aliyekuja mwenyewe mlangoni kuuliza kama umeandika. Barua yako ilifika juzi Alhamisi. Ilikaa Lamu, ikapelekwa Faza kwa makosa, ikarudi Lamu.

Ile orodha ya watu kumi na wawili niliitangaza msikitini kwa mdomo wa imamu Ijumaa tatu. Ijumaa ya kwanza waliojitokeza ni wanne, wote watu wa Mkokoni, ambao shida imeshawafundisha kutongoja. Ya pili wakawa saba. Ya tatu wakaja wale wenye haya, wakajaa, na wawili nikawarudisha. Nilikuwa nimewaahidi watu wote kwamba baada ya Ijumaa ya tatu orodha imefungwa, awe nani. Ilifungwa tarehe ishirini na nane Julai. Barua yako imekuja siku sita baadaye.

Nimekaa nayo mapajani tangu juzi. Kalamu ninayo, na orodha iko kwangu. Mmoja wa hao kumi na wawili ni mzee kidogo, ningeweza kumwambia apumzike, na hakuna ambaye angenilaumu kwa sauti. Lakini wale wawili niliowarudisha wangejua. Bi Nerea alinipa daftari hili mbele yao. Sikuandiki, kaka. Ni mara ya kwanza umeomba, na mimi ndiye ninayekukatalia.

Kwa hiyo huku huna kazi. Unyapara huna, na hata karai huna. Sina cha kukuitia.

Njoo.

Boti ya Ndau inatoka Lamu Jumatano na Jumamosi. Hatutakuja kukupokea, kwa sababu mchana sote tuko kwenye jabia mpaka alasiri. Shuka upite nyuma ya skuli. Mama atakuwa nyumbani peke yake. Keti naye mpaka nirudi.

Nduguyo,
Mwanamkisi